Visanduku Vitatu

Kwa miaka mitatu ya chuo, jina langu halikuwahi kusimama peke yake kwenye karatasi ya mgonjwa. Nikipima presha, mwalimu wa kliniki anapima tena, kisha anasaini chini yangu. Nikichoma sindano, kuna mtu nyuma ya bega langu anayetazama mkono wangu unavyotetemeka. Mabwenini tulilalamika. Tulisema tunafanywa watoto, tukahesabu miezi iliyobaki kabla ya kuachwa tufanye kazi wenyewe. Hakuna aliyetuambia kwamba ile saini ya pili ilikuwa blanketi, na kwamba tungejua uzito wake siku litakapovutwa.

Langu lilivutwa Ukata, wilayani Mbinga, nikiwa na miaka 21. Mimi ni mtoto wa ziwani. Nimekulia Mbamba Bay, kwenye joto na harufu ya usipa unaoanikwa juani, na nilikuwa nadhani milima ya Umatengo ni mahali pa kupita ukielekea Songea. Nikapangiwa zahanati huko, na koti moja jepesi. Kimatengo nilijua salamu tu. Zahanati ilikuwa na tabibu mmoja, ambaye siku nyingi alikuwa kwenye vikao, mafunzo au safari ya kufuata dawa, mhudumu mmoja, mama wa makamo aliyewazalisha wanawake wengi kuliko wote niliowaona chuoni, na mimi. Usiku niliitwa mimi, kwa sababu nyumba ya mtumishi ilikuwa hatua chache kutoka chumba cha kujifungulia, na kwa sababu nilikuwa muuguzi mkunga mwenye leseni ya Baraza. Leseni ile niliiweka kwenye fremu. Niliipiga picha nikamtumia mama.

Kabla sijaeleza kilichotokea, lazima nieleze karatasi moja. Inaitwa patografu. Mama mwenye uchungu anapofikia hatua fulani, mkunga huanza kuijaza: njia inafunguka kwa kasi gani, uchungu unakuja mara ngapi, mapigo ya moyo wa mtoto ni mangapi. Mstari wa juu ni wa mapigo ya mtoto, na kila kisanduku ni nusu saa. Unachukua fetoskopu, ile tarumbeta ndogo, unaweka sikio, unahesabu, unatia nukta. Baada ya nusu saa unarudia.

Historia yake niliijua baadaye sana, na ikaniuma. Karatasi ile haikubuniwa kwa ajili ya hospitali kubwa za Ulaya. Daktari wa Marekani, Emanuel Friedman, alikuwa ameshachora mwendo wa uchungu kwa grafu mwaka 1954, lakini waliogeuza grafu hiyo kuwa chombo cha kazi ni Philpott na Castle, huko Rhodesia, Zimbabwe ya leo, mwaka 1972. Walikuwa wanamfikiria mkunga aliye peke yake mbali na hospitali, asiye na daktari wa kumuuliza. Karatasi ingemwambia: sasa mpeleke. Kwa maneno mengine, mtu fulani alikaa chini akaifikiria hali yangu kabla sijazaliwa, akanitengenezea saini ya pili ya karatasi.

Mimi nikaigeuza kuwa mapambo.

Ilianza Desemba, mwezi wangu wa nne. Kulikuwa na mama wa mimba ya tatu, uchungu unakwenda vizuri, na mimi nilikuwa sijalala usiku mbili. Nilipima saa 7, nikakaa kwenye benchi, nikaegemea ukuta. Nilipofumbua macho ilikuwa saa 8 na robo. Nikapima: 138. Mtoto alizaliwa kabla ya saa 9 akilia kama anadai deni. Nilipokaa kuandika, nikakuta visanduku viwili vitupu. Nikatia nukta: 136, 140. Zilikaa vizuri mle, zikafuatana na wenzao. Asubuhi baba wa mtoto akaniletea jogoo.

Sikuhisi chochote. Hilo ndilo ninalotaka msomaji alishike: sikuhisi chochote. Wakati tunasoma, walimu walituimbia kwamba kama hujaandika, hujafanya. Walikusudia kutufundisha kuandika. Lakini mwanafunzi mchovu husikia fundisho lingine ndani yake: kwamba ukiandika, umefanya.

Februari mvua ilikuwa imekolea. Jioni aliletwa mama mmoja, mimba ya pili, akalazwa kitanda cha dirishani. Nilimpima kila nusu saa, kwa dhati, mpaka saa 8 usiku. Mapigo 144. Saa 8 na dakika kumi mlango ukagongwa. Pikipiki imeleta binti wa mimba ya kwanza, kichwa cha mtoto kinaonekana. Alijifungua ndani ya robo saa, mtoto mzima, kisha damu ikaanza kutoka kuliko inavyopaswa. Nilichoma oksitosini, nikakanda tumbo, mhudumu akashika taa na kutafuta mshipa wa kuweka dripu nami. Anayejua kazi hii anajua kwamba wakati huo dunia inakuwa ndogo kama kiganja. Saa 9 na dakika tano tumbo lilikuwa gumu, damu imekoma, binti anaomba chai.

Nilirudi kwa mama wa dirishani saa 9 na dakika arobaini.

Kati ya saa 9:05 na saa 9:40 nilikuwa nimekaa. Nilinawa mikono. Nilijaza faili la binti. Nilikunywa chai iliyobaki kwenye chupa. Magoti yalikuwa yanatetemeka na nilijiambia, dakika mbili tu. Hatua tisa kutoka kwangu, nyuma ya pazia, yule mama alikuwa anaugua kwa sauti ya chini, kama wanavyofanya wanawake wengi wa kule, na ule upole wake nilichukulia kuwa ni dalili njema. Nilipoweka fetoskopu nikahesabu chini ya 80. Nikageuza, nikahesabu tena. Njia ilikuwa imefunguka yote. Mtoto alitoka saa 10 kasoro kidogo, wa kike, mlegevu, hana pumzi.

Nilifanya yote niliyofundishwa. Tanzania ni moja ya nchi zilizojaribu mapema, katika hospitali nane, mafunzo ya kumsaidia mtoto mchanga kupumua, na matokeo yaliyochapishwa mwaka 2013 yalionyesha vifo vya saa 24 za kwanza vikishuka kwa karibu nusu. Kizazi changu cha wakunga kimelelewa na mafunzo hayo. Dakika ya dhahabu tuliikariri kama sala. Nilimkausha, nikamsugua mgongo, nikasafisha njia ya hewa, nikaweka barakoa ya mfuko tunaouita ambu, nikabana, nikahesabu. Kifua kilipanda na kushuka kwa nguvu za mkono wangu. Nilipoacha, kilibaki chini. Baada ya dakika ishirini mhudumu alinishika kiwiko.

Alfajiri, mama mkwe wa yule mama, bibi wa mtoto, alimviringisha mjukuu wake kwenye kitenge kipya kilicholetwa kwa ajili ya kumpokelea. Akaniangalia, akasema kwa Kiswahili ili nielewe: "Ni mapenzi ya Mungu, sista."

Nikajibu: "Ndiyo, bibi."

Kisha nikaenda kukaa na karatasi. Nukta ya saa 8 ilikuwepo. Visanduku vya saa 8:30, saa 9 na saa 9:30 vilikuwa vyeupe. Mhudumu alikuwa anapiga deki. Bila kuinua kichwa alisema: "Jaza, mwanangu. Wote hujaza." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ananifunika na alichokuwa nacho.

Kalamu ilikuwa mkononi. Nilijua namba zinazofaa: 140, 132, 118. Zingeshuka taratibu, kiasi cha kuonyesha kwamba msiba ulikuja ghafla mwishoni. Na nikajikuta najiuliza swali ambalo sikulitegemea: mbona Desemba haikuwa ngumu hivi?

Miaka kadhaa baadaye, nikisoma shahada ya uzamili ya maadili ya tiba Dar es Salaam, nilikutana na jina la swali hilo. Mwaka 1976 wanafalsafa wawili, Bernard Williams wa Uingereza na Thomas Nagel wa Marekani, waliandika makala mbili zinazojibizana juu ya bahati katika maadili. Nagel anatoa mfano wa dereva ambaye hakukagua breki. Akifika salama, atajilaumu kidogo, au asijilaumu kabisa. Lakini mtoto akikatiza barabara, dereva yuleyule, kwa uzembe uleule, anakuwa mtu aliyeua. Kosa lilikuwa moja. Tofauti ni mtoto kukatiza au kutokatiza, na hilo halikuwa mikononi mwa dereva. Sasa je, tuwahukumu madereva hao wawili sawasawa, au kila mmoja kwa matokeo yake?

Darasani wenzangu waligawanyika. Wengi walisema haki ni kuwahukumu sawa, kwa kuwa mtu hawezi kuwajibika kwa bahati. Nilikaa kimya. Mimi nilikuwa madereva wote wawili. Desemba nililala saa nzima na robo nikapewa jogoo. Februari nilikaa dakika thelathini na tano, baada ya kuokoa maisha ya binti wa watu, na mtoto akafa. Kwa mizani ya uzembe, Desemba ilikuwa mbaya zaidi. Kwa mizani ya usingizi wangu, hakuna usiku hata mmoja ambao nimeamka nikiiwaza Desemba.

Nadhani sasa kwamba wenzangu walikuwa sahihi kwa nusu. Ni kweli Desemba ilistahili kulaumiwa kama Februari. Lakini walitumia hoja hiyo kuipunguza Februari: kwa kuwa ile haikuwa kitu, basi na hii isiwe kitu sana. Mimi nimeona hoja inakwenda upande mwingine. Februari ndiyo iliyonionyesha ukubwa halisi wa Desemba. Jogoo yule alinunua kitu ambacho sikuwa na haki ya kukiuza.

Kuna wanaosema tatizo ni mfumo. Nawaheshimu, kwa sababu wana ushahidi. Mwaka 1974 Marlene Kramer, muuguzi na mtafiti wa Marekani, aliandika kitabu kizima juu ya mshtuko wa wauguzi wapya wanapokuta wodi si kama darasa. Mwaka 1984 Andrew Jameton aliandika juu ya uchungu wa muuguzi anayejua lililo sahihi lakini amefungwa asiweze kulitenda. Nilipomsoma Jameton nililia, kwa sababu nilidhani amenisamehe. Muuguzi mmoja, wazazi wawili, usiku, mvua, bila gari. Nani angeweza?

Lakini nikirudi kwenye saa, naona kwamba mfumo unaeleza mpaka saa 9:05. Zile dakika thelathini na tano ni zangu. Uchovu unazieleza, na uchovu wenyewe una sababu zilizo nje yangu. Bado nilikuwa macho, nimekaa, na chai mkononi. Sisemi hivi ili kuusafisha mfumo. Watu wengi hufikiri lawama ni kama mkate, kwamba ukimkatia mwingine kipande chako kinapungua. Si hivyo. Mfumo unaweza kubeba lawama yote ya muuguzi mmoja kwa akina mama wawili, na mimi nikabeba yote ya chai ile, bila mmoja kumpunguzia mwenzake.

Sikujaza. Ningependa kusema ni ujasiri, lakini nadhani ilikuwa ni kushindwa: namba zilikataa kutoka. Chini ya mstari niliandika kwa herufi ndogo kwamba kati ya saa 8 na saa 9:40 mapigo ya mtoto hayakupimwa. Muuguzi alikuwa mmoja, wazazi wawili, mmoja anatoka damu hadi saa 9:05. Nikasaini. Ilikuwa saini yangu ya kwanza ya kweli, na haikuwa na mtu chini yake.

Kulikuwa na kikao cha kupitia kifo kile, kama taratibu zinavyotaka. Mtu mmoja aliniuliza kwa nini niliacha nafasi, na alivyouliza nilielewa kwamba angefurahi zaidi kama nisingeziacha. Nilipewa onyo la maandishi. Lakini mjumbe mwingine alikuwa amezileta patografu zetu za mwaka mzima, akazipanga mezani. Zote zilikuwa kamili. Nukta kila nusu saa, usiku na mchana, kituo kizima chenye mkunga mmoja. Akasema, bila kumtazama mtu, kwamba kituo hiki kimeomba muuguzi wa pili mara kadhaa, na kila mara ukaguzi ulionyesha kuwa kazi inakwenda bila kasoro. Hapo nilielewa kwamba nukta zangu mbili za Desemba hazikunificha mimi peke yangu. Zilificha pia muuguzi wa pili. Kila aliyekuwa amejaza kwa huruma, kwa uchovu, kwa woga, alikuwa amesaini ombi la kuachwa peke yake.

Ningeweza kuishia hapo, na makala hii ingekuwa juu ya ukweli wa kumbukumbu. Ingemfaa Florence Nightingale, ambaye mahafali yetu yalimkumbuka kwa taa na kumsahau kwa takwimu, ingawa grafu zake za vifo vya askari wa vita vya Krimea zilibadilisha mengi ambayo taa isingeweza. Lakini karatasi ilikuwa sehemu rahisi. Karatasi husomwa na wakubwa. Kuna mtu mmoja aliyekuwa na haki ya kujua kuliko wote, naye nilikuwa nimemwambia ndiyo, ni mapenzi ya Mungu.

Sibishani na bibi yule juu ya Mungu. Yeye alisema alichoamini. Mimi ndiye niliyechukua imani yake nikaitumia kama shuka la kufunikia. Neno lilelile lilikuwa la kweli kinywani mwake na la uongo kinywani mwangu, na nilijua tofauti wakati nalitamka.

Nilichelewa miezi mitano. Nilienda Julai, msimu wa kahawa, nikiwa nimevaa nguo za nyumbani. Nilipita mashamba ya ngolo, ile mistari ya mashimo ambayo Wamatengo wamechimba kwenye miteremko tangu zamani: wanaume hufyeka majani na kuyapanga kwa miraba, wanawake huyafukia kwa udongo, na katikati ya kila mraba hubaki shimo. Nilimkuta anachambua kahawa juu ya kichanja. Alinipa kigoda. Nilimwambia yote, pamoja na chai.

Alikaa kimya muda mrefu, vidole vyake vinaendelea kutoa punje mbovu. Kisha akauliza: "Ungenisikiliza, angeishi?"

"Sijui, mama. Labda ningegundua mapema. Labda isingesaidia. Sijui."

Akachambua tena. Ndipo akasema: "Siku mbili kabla nilibeba kuni kutoka bondeni. Mama mkwe alinikataza. Kule zahanati ilikuwa mapenzi ya Mungu. Tulipofika nyumbani ikawa kuni."

Miezi mitano alikuwa amebeba kuni zile.

Hakunisamehe, na sikumwomba. Hakunifukuza pia. Aliniambia nirudi nitakapokuwa na nafasi nimweleze mumewe na mama mkwe kwa maneno yaleyale, na hiyo ndiyo adhabu pekee niliyopewa na mtu aliyekuwa na haki ya kuitoa. Nilirudi Jumapili iliyofuata. Bibi alinisikiliza hadi mwisho, akaingia ndani, hakutoka tena mpaka naondoka.

Swali lililonileta kwenye shahada hii ni hilo: kwa nini mtu akiri kosa ambalo huenda halikuleta matokeo, ambalo wakubwa wamekwisha kuliandikia barua, kwa mtu ambaye maumivu yake hayawezi kurudishwa nyuma? Vitabu vinajibu kwa lugha ya haki ya mgonjwa na kuaminiana. Ni majibu mazuri. Langu ni fupi zaidi. Hatia haiyeyuki mwenyewe anapoikataa. Inashuka mteremko kama maji ya mvua, na inakusanyika chini, kwa yule asiye na namna ya kuisukuma mbele. Pale Ukata ilikusanyika kwa mwanamke aliyebeba kuni.

Nilipokuwa mwanafunzi nilidhani kuwa muuguzi ni kufika mahali ambapo hukosei tena, na ndiyo maana wanakuacha peke yako. Mgeni akipita mashamba ya ngolo anaweza kudhani mashimo yale ni ardhi iliyopotea, nafasi ambayo hakuna aliyepanda kitu. Lakini mvua ikinyesha, ni mashimo yanayoyashika maji, na udongo unabaki mlimani.

Patografu ile iko kwenye kabati fulani la mafaili, na visanduku vyake vitatu bado ni vyeupe. Leseni yangu haiko tena kwenye fremu. Naiweka kwenye bahasha, pamoja na barua ya onyo.